Kilele cha Kijiko

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kliniki. Binti yetu Seline, aliyezaliwa kabla ya wakati, bado ni mwepesi. Sista Nakhumicha alimpima, akatikisa kichwa, akampima tena. Akasema mke wangu Lornah aendelee kunyonyesha, na katika maziwa anayokamua atie unga kidogo wa maziwa ya kopo. Kwa kijiko alichotupatia yeye, kikiwa kimesawazishwa kwa kisu, maziwa yakiwa yamefika mstari alioupiga kwenye kikombe. Mikono safi, vyombo vichemshwe, kinachobaki kimwagwe. Akasisitiza kwamba kipimo hicho ni cha Seline, si cha mtoto mwingine. Uzito usipopanda kufikia Jumatatu ijayo, anarudi wodini. Lornah alilia njia nzima mpaka mtaani kwetu Kaloleni. Mimi nilibeba mtoto na kijiko.

Nyumbani tukakutana na Mathews, jirani yangu na mpinzani wangu katika kuuza omena, dagaa wetu wa ziwani, pale sokoni Kondele. Mwanawe mchanga amenona mpaka ana shingo tatu. Alimtazama Seline, akaniuliza kama huwa tunamlisha au tunamwonyesha chakula tu.

Jumanne, 10 Juni

Utu uzima wangu wote nimekaa sokoni. Kondele, gorogoro ya omena, kopo letu la kupimia, hujazwa mpaka ifanye kilele, halafu mteja huongezewa kiganja. Ukiisawazisha, anakuuliza amekukosea nini. Leo nimemwona mke wangu akikwangua kijiko cha mtoto kwa kisu. Mtoto wa damu yangu! Nikamshauri aweke kilele. Akanijibu kwamba hii ni dawa, Baba Seline, si omena. Haba na haba hujaza kibaba, najua. Lakini methali haikusema kibaba kikwanguliwe.

Jumatano, 11 Juni

Nimejitolea kuchanganya mimi. Lornah amechoka, akanishukuru, akaenda kuanika nepi. Nilinawa mikono, mimi si mshenzi. Kijiko cha kilele. Na nyongeza. Asubuhi, mchana na jioni. Maziwa yakawa mazito, ya kupendeza macho.

Jioni nikamwendea Mathews. Nikamwambia mtoto atakayeongeza uzito zaidi wiki hii, baba yake achukue jogoo wa mwenzake. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akakubali.

Alhamisi, 12 Juni

Seline hajapata choo. Anajikaza, uso umekunjamana, tumbo gumu. Midomo mikavu. Nepi nayo kavu tangu alfajiri. Lornah akasema labda ni joto. Nikasema ndiyo, joto. Lakini hofu ilikuwa imenishika, hofu ya kweli, na mimi ndiye niliyesema twende kliniki sasa hivi.

Sista akamwomba Lornah aonyeshe anavyopima. Akasawazisha. Akaniomba na mimi. Niliapa moyoni kwamba nitasawazisha. Mkono haukunisikiliza. Ulichota kama unavyochota Kondele: kilele, halafu nyongeza juu yake. Lornah akaninyang'anya kijiko.

Sista hakupandisha sauti. Alieleza kwamba maziwa yakizidishwa unga humnyima mtoto maji, hufunga tumbo, huzielemea figo. Akasema tumewahi, na kama tungechelewa, hatari isingekuwa ya choo tu. Seline akanyonyeshwa palepale, akaangaliwa mpaka nepi ilipolowa. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa mkojo kabla ya leo.

Ijumaa, 13 Juni

Lornah haongei nami. Nimepigwa marufuku jikoni. Baada ya chakula cha mchana aliniita ghafla, nikakimbia. Nepi imejaa. Tulisimama tukiitazama, wazazi wawili wenye furaha. Kisha akakumbuka kwamba haongei nami.

Jumatatu, 16 Juni

Mizani imepanda. Si sana, lakini Sista ametabasamu, na wodini Seline harudi. Lornah alinishika mkono, ule wa kushoto, usiochota. Sioni haya kuandika kwamba nililia. Mwana wa Mathews ameongeza zaidi. Jogoo wangu ameenda.

Sista alisema kilichomsaidia Seline ni kijiko kilichosawazishwa na titi la mama yake, basi. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikaitikia kwa unyenyekevu.

Njiani nikatafakari. Titi la mama. Kuhusu kijiko cha mtoto, Sista ameweka sheria. Kuhusu uji wa mama hakusema neno. Jioni nimemkorogea Lornah uji kwa mkono wangu. Unga nimechota kwa kilele, na nyongeza. Mwiko umesimama wima katikati ya sufuria bila kushikwa. Nikatoka nje, nikamwita Mathews. Safari hii tumewekeana dau la majogoo wawili.