Bonde la Bi Tabasamu

Jumatatu, 4 Machi
Ripoti ya kisima nimeimaliza! Mahali pa kuchimba watu wote hupaita Penye Vyura. Aibu gani! Mhandisi mzima niwapelekee wafadhili vyura? Nimepabatiza: Bonde la Bi Tabasamu. Ndiye mama mkwe wangu. Mtaa ulimpa jina hilo kwa kuwa hatabasamu, naye akalipenda. Tangu nimwoe binti yake ananiita "yule". Yule amekula? Yule amerudi? Akijiona kwenye ripoti rasmi, moyo utalainika. Ramani sikuambatisha. Jina zuri linajitosheleza.

Jumanne, 5 Machi
Bosi amesaini bila kusoma. Mke wangu amesoma. Kauliza wachimbaji, wageni wale, watafikaje mahali pasipojulikana na mtu. Nikamwambia mambo ya kitaalamu aniachie mimi. Akaenda kucheka jikoni. Sikukipenda kile kicheko.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Wachimbaji wameuliza njiani kwa Bi Tabasamu ni wapi. Watu, kwa ukarimu wao, wakawasindikiza hadi mlangoni. Mama mkwe alikuwa kwa dada yake. Kurudi, mtambo uko juu ya bustani yake ya mboga, tope limefika dirishani, na maji hakuna hata ya kulowesha ulimi. Bosi kapiga simu. Kesho nifike na maelezo, au nisifike tena kabisa.

Ijumaa, 8 Machi
Nilijiandaa kuwalaumu wachimbaji. Nafungua mlango wa bosi: mama mkwe ameketi, viatu vimejaa tope! Kumbe ameonyeshwa ripoti. Akamwambia bosi kwamba tangu azaliwe hajaandikwa popote ila kwenye kadi ya kliniki, na leo ana bonde lenye muhuri. Mboga zitaota tena. Mwanawe aachiwe kazi yake. Mwanawe! Niligeuka kuona nani ameingia. Ni mimi! Nililia palepale, wala sioni haya.

Jumatatu, 11 Machi
Mtambo umehamishiwa Penye Vyura, maji yamebubujika. Bahati tu. Mama mkwe yuko kwetu hadi tope likauke. Analala na mke wangu, mimi kwenye kochi. Leo kaniita mwanangu, kisha akanituma sabuni. Nimekwenda mbio.
Bosi bado amenuna. Dawa ninayo! Naandika ripoti ya bwawa jipya la majitaka. Wenyeji hupaita Bondeni kwa Nyasi. Jina gani hilo? Nimeweka la bosi, kamili, pamoja na la baba yake. Atafurahi mno. Ramani sijaambatisha. Magari ya majitaka yanaanza kumwaga Alhamisi.