Redio Imeniozesha Mke wa Mtu

Leo nimeaibika mbele ya wanawake zaidi ya mia mbili, na walinijua kwa sauti kabla hawajaniona uso.

Mimi kwa kawaida sisemi. Mnaonijua mnajua. Natengeneza redio za mkononi, zile za kubonyeza kitufe na kusema, kama wanazobeba walinzi. Nina meza yangu Bondeni. Mteja akija nasema "acha hapo", halafu nasema "njoo kesho". Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya kutwa. (Leo nimeongeza maneno manane. Manane tu! Mtaona.)

Juzi alinijia Bi Rukia. Yeye ndiye msimamizi wa arusi zote za ukoo wao, na leo ilikuwa zamu ya Salwa, binti wa kaka yake. Sasa, ukumbini kwa wanawake simu haziingii. Zinaachwa kwenye kapu mlangoni, maana kuna watu hawana haya, humpiga mwenzao picha alivyojipamba na kesho picha iko mjini kote. Kwa hivyo habari za msikitini huletwa kwa redio. Wanaume wakimaliza nikahi, redio inasema, vigelegele vinapigwa, bibi arusi anatolewa. Akitolewa kabla ya nikahi, ukoo utasemwa mpaka wajukuu wake waolewe.

"Arusi iliyopita, msikitini walisema 'ngojeni'," Bi Rukia aliniambia. "Sisi tukasikia 'njooni'. Tukenda! Na bibi arusi wetu! Tukawakuta wanaume ndiyo kwanza wanatawadha."

Niliuma mdomo.

"Cheka tu, mwanangu. Ukinifanyia sauti ikasikika, arusi zote za mtaa huu ni zako. Ukiniaibisha, hata tochi ya mtoto hutaletewa."

Basi nikazifungua hizo redio zao mbili. Subhanallah! Ya kwanza, kile kitundu cha kusemea kilikuwa kimejaa haluwa. Mnadhani nasema vumbi? Haluwa, na kipande cha lozi ndani yake. Ya pili, aliyeivalisha ganda la mpira aliligeuza nyuma mbele, mpira ukaziba kitundu chote. Mwaka mzima watu wazima wanaongea na mpira, wanalaumu mtambo! Spika yake imechanika, inakoroma kama wale wazee wetu wakati wa hotuba ya Ijumaa.

Nikasafisha kwa mswaki laini. Nikabadilisha spika. Nikaweka betri mpya, maana betri ikichoka hukata maneno katikati. Kwenye kitundu nikatia kisponji chembamba cha kuzuia pumzi. Redio zikapona. Wagonjwa waliobaki walikuwa watumiaji.

Leo baada ya adhuhuri nikaenda ukumbini kumfunza Bi Rukia. Akaishika redio, akaitia mdomoni.

"Bi Rukia, hilo si mahamri."

(Hilo nalo lilinitoka tu. Nilitamani nijifiche.)

"Haya, nifunze basi, mwalimu."

"Iweke mbali, vidole vinne kutoka mdomoni. Bonyeza, vuta pumzi, ndipo useme. Ukisema kabla ya kubonyeza, neno la kwanza linapotea. Na usipige kelele. Kelele inachafua sauti."

"Mimi sipigi kelele!" akapiga kelele.

Kupokea kulikuwa na taabu nyingine. Anaiweka redio ndani ya buibui, na buibui inameza sauti. Nikampa kile cha sikioni, akakataa, ati ataonekana askari. Basi nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni ufundi wa hali ya juu. Nikachukua waya, nikaiunganisha redio yake na spika kubwa za ukumbi. Msikitini wakisema, ukumbi mzima usikie. Ukumbini kulikuwa na vikongwe wanne na viti. Kadi ziliandikwa saa tisa, na kila mtu hapa anajua maana ya saa tisa kwenye kadi ya arusi. Maana yake ni saa kumi na moja.

Nikavaa kanzu ya kuazima, nikapanda gari la bwana arusi kwenda msikitini, Mji wa Kale. Bwana arusi ni Fahmi. Kijana mtanashati, kanzu yake peke yake inanukia udi mpaka barabara ya pili, lakini leo alikuwa anatetemeka kama aliyeitwa polisi. Njia nzima alikuwa akijifunza maneno ya kumjibu baba mtu. "Nimekubali kumuoa Salwa... nimekubali Salwa kumuoa... nimemkubali..." Mpaka tunashuka, dereva alikuwa ameyahifadhi. Mimi pia.

Fahmi akaingia ndani, akakaa mbele ya sheikh. Mimi nikabaki barazani penye viatu, na redio yangu. Nikabonyeza.

"Moja, mbili, tatu. Bi Rukia, wasikia?"

"Nasikia!"

Hapo ningenyamaza, saa hii ningekuwa mtu wa heshima. Lakini mimi nina kanuni yangu: kupima redio kwa kuhesabu ni kujidanganya. Kila mtu anajua baada ya moja ni mbili, hata redio ikikoroma sikio linajaza lenyewe. Sauti hupimwa kwa maneno ambayo msikilizaji hayatarajii. Nikatafuta maneno. Kichwani mulikuwa mtupu. Mtu asiyesema hana akiba ya maneno, mjue hivyo. Kulikuwa na maneno manane tu, ya Fahmi.

Nikaweka vidole vinne. Nikabonyeza. Nikavuta pumzi.

"Nimekubali kumuoa Salwa binti Twalib kwa mahari tuliyokubaliana."

Sauti safi! Wallahi sijawahi kutengeneza sauti kama ile. (Na maneno yasiyotarajiwa niliyoyachagua ni yale ambayo wanawake mia mbili walikuwa wakiyangoja kwa hamu.)

Kwa sababu leo, leo tu, wanawake wa Mombasa walifika saa tisa.

Redio ikalipuka mkononi mwangu. Vigelegele! Spika mpya niliyoitia mwenyewe ikavitoa vyote, msikiti mzima ukavisikia. Na juu yake Bi Rukia: "Mabruki! Mabruki! Mtoeni bibi arusi!"

Sheikh akauliza polepole, "Nani ameoa?"

Fahmi akasema, "Si mimi."

Watu wote wakageuka kutazama viatu, yaani kunitazama mimi. Mzee Twalib, baba wa bibi arusi, akavua miwani. "Kijana, mwanangu nilikuoza saa ngapi?"

Nikabonyeza kitufe niseme "bado". Wapi! Redio hizi ni za kupokezana, mmoja akibonyeza mwenzake hasikiki. Na Bi Rukia alikuwa amebonyeza kwa furaha, kidole akakisahau palepale. Nikampigia simu. Simu iko kwenye kapu.

"Hiyo si ndoa, usiogope," sheikh akasema. "Lakini mtoto wa watu anatolewa. Kimbia!"

Nikakimbia. Kanzu ya kuazima ni ndefu, viatu nilivyovaa kwa haraka kimoja si changu. Nikafika mlangoni pa ukumbi. Mlinzi wa mlango ni mama wa kukodiwa, hamjui bwana arusi wala fundi redio. Anachojua ni kwamba nikahi ikisha, mwanamume mwenye kanzu atakuja kumpa bibi arusi mkono. Mkononi ana mrashi umejaa marashi.

"Bado!" nikamwambia. "Bado hajaoa!"

Yule mama akatega sikio. Macho yakamtoka.

"Sauti ndiyo hiyo hiyo! Jamani bwana arusi huyu hapa! Ana haraka, masikini!"

Akanimwagia marashi. Usoni, kifuani, ndani ya masikio. Wakatoka wengine watano wakapiga vigelegele. Mmoja akaninyunyizia asumini. Mwingine akanitazama kutoka kofia mpaka miguu, akaona viatu, akamnong'oneza mwenzake, na hakunong'ona vizuri: "Mwanamume si viatu, lakini Salwa angetazama."

"Mimi... mimi ni wa redio," nikasema.

"Utapata kazi ya maana, Inshallah," mama mmoja mzee akanifariji.

Bi Rukia akatokea na redio mkononi, kidole bado kiko kwenye kitufe. Akaniona. Akatazama redio. Akaelewa yote kwa mara moja, maana ni mwanamke mwenye akili. Akageuka, akapaza sauti ambayo haikuhitaji mtambo wowote:

"Mrudisheni! Mrudisheni bibi arusi ndani!"

Salwa alikuwa amefika pazia la mwisho. Hatua moja tu zaidi. Wakamrudisha. Wenyewe wanasema alikuwa anacheka mpaka wanja ukamwagika, na alisema, "Nilijua si Fahmi. Huyo alisema bila kukwama."

Nikarudi msikitini nikinukia kuliko bwana arusi. Nikahi ikasomwa. Safari hii nilimpelekea Fahmi redio mwenyewe, nikaishika vidole vinne kutoka mdomoni mwake. Fahmi akasema. Nadhani alisema. Midomo ilisogea. Sheikh aliridhika, mashahidi wawili waliokuwa karibu waliridhika, ndoa ni halali.

Lakini kutoka ukumbini hakukuja kigelegele hata kimoja. Ikaja sauti ya Bi Rukia tu.

"Hatukusikia. Huyo ametafuna. Wanawake wanasema wanamtaka yule wa kwanza."

Msikiti mzima ukacheka, hata sheikh, hata Mzee Twalib. Fahmi hakucheka. Ikabidi Mzee Twalib achukue redio, aape kwamba binti yake ameolewa, na ameolewa na Fahmi. Ndipo vigelegele vikaja. Vilikuwa vichache kuliko vyangu.

Jioni nikamrudishia Bi Rukia redio zake. Nilikuwa nimekwisha kuaga kazi moyoni.

"Sauti ilikuwa safi," akasema. "Hilo siwezi kulikana. Arusi zijazo ni zako. Lakini msikitini, mwanangu, redio atashika mtu mwingine. Nitamtafuta bubu."

Nikashukuru kwa kichwa.

Basi nikadhani yamekwisha. Nimefika nyumbani nimemkuta mama mlangoni. Yeye leo hakutoka, mguu unamsumbua. Kanitazama, kanusa marashi, kashika kiuno.

"Majirani wameniambia. Umeoa bila kunialika. Haya, mke mwenyewe yuko wapi?"

Mnacheka? Mama kasema ndani siingii bila mke. Mimi nakula chakula changu barazani.