Siku Mchuzi Ulipokataa Kuchafuka

Njooni, enyi wenye meno, nasi tuliobaki na mapengo. Tegeni masikio niwasimulie vita vilivyopiganwa ndani ya kichupa kisichozidi kidole gumba, ambamo mjukuu wangu, Simba-Jike wa Maabara, Mkaza-Skrubu Asiyetetemeka, aliitetea taya ya bibi yake.

Taya hiyo, yangu mimi, ilikuwa na pengo. Daktari wa meno aliahidi kunipandikizia jino: skrubu ndani ya mfupa, na juu yake kichwa cha kulibeba. Lakini baina ya skrubu na kichwa pana mshono, na hapo vijidudu, jeshi lisilo ngoma wala bendera, hupenya vikaozesha fizi.

"Mshono usipovuja, Bibi atatafuna mifupa," daktari akatamka. "Ukivuja, simpandikizii kitu."

Basi shujaa akavifungia vijidudu ndani ya tundu la skrubu, akakaza kichwa, akaizamisha ngome ile katika mchuzi mwangavu wa maabara, chakula wanachokipenda vijidudu. Mchuzi ukichafuka, wafungwa wametoroka.

Kulipokucha, mchuzi ulikuwa mweupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Ewe jemadari," daktari akacheka, "ngome yako ni chujio! Mwambie Bibi azoee ndizi mbivu."

"Daktari, usichimbe kaburi na mgonjwa bado anakohoa!"

Alisema hivyo, lakini nyumbani alifika amenuna. Nikajaza chupa ya chai mpaka mdomoni, kama ilivyo sheria ya ukoo wetu, nikashindilia kifuniko. Chai ikaruka, ikamlowesha gauni.

"Jamani, Bibi! Kila siku unajaza mpaka inamwagika!"

"Nusunusu ni ya wachoyo, mke mwenzangu. Na wewe nimekulea hivyohivyo."

Akaganda, kitambaa mkononi.

"Kweli umenilea hivyo," akasema polepole. "Na vijidudu nimevijazia hivyohivyo, mpaka ukingoni. Nilipokaza kichwa, vikafurika nje. Bibi, havikutoroka. Havikuwa vimefungwa!"

Akarejea vitani, akatia tone moja la uchoyo ambalo mama yangu angelionea haya. Akakaza. Akaitumbukiza ngome kwanza katika mchuzi mwingine, akaitoa, ili mchuzi huo ukichafuka ajue kwamba nje hapakuwa safi. Kisha akaizamisha, akangoja kama angojaye posa.

Siku ya hukumu daktari akainua kichupa dirishani, akakigeuza, akavaa miwani, akaivua.

"Hakuna kitu," akanung'unika.

"Hakuna kitu!" akanguruma Simba-Jike, hata mfagiaji akaangusha ufagio.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba siku ile, mbele ya daktari, mfagiaji na jokofu, halikutokea jambo lolote, wala halijapata kutokea kwa utukufu namna ile. Leo natafuna mifupa upande wa kushoto. Naye shujaa, tangu ushindi wake, hunimiminia chai nusu kikombe ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nami, binti wa watu wa kufurisha, nainywa kimya.