Choo Namba Kumi na Nne

Leo nimeumbuka. Tena mbele ya foleni ya watu waliobanwa.

Mnajua nina kibarua cha kuweka vyoo vya umma vya Tunduma kwenye ramani. Unaangalia ni cha shimo, cha kumwaga maji au cha kuvuta, unajaza fomu, unaandika namba mlangoni kwa rangi nyekundu. (Rangi nilichagua mwenyewe, ile isiyofutika.) Jana msimamizi akasema atakayekamilisha aina zote leo kabla ya saa kumi ndiye ataendelea na kazi Mlowo. Wengine kibarua kinaishia hapa. Nikaapa kwamba ni mimi.

Saa nane nina vyoo kumi na tatu. Imebaki aina moja tu, choo cha kuingilika na kiti cha magurudumu. Nimezunguka stendi, nimezunguka soko, hakuna. Nikakata uchochoro nyuma ya maduka, nikatokezea kwenye malori. Hicho hapo! Kina njia ya mteremko, vigae na sabuni. Nilikaribia kulia.

Simu ikaingia ujumbe. Sikusoma. (Kazi kwanza.) Mama anayelinda mlango akanisalimu, "Mulishani," akataka kwacha. Sikushtuka, kwetu mpakani hela zote zinatumika.

"Mama, mimi ni mtu wa halmashauri," nikamwambia, kifua mbele.

Nikapima mlango. Nikaandika kwenye fomu: bora kuliko vyote. Kisha nikachovya brashi, nikaandika 14 kubwa mlangoni.

Foleni nzima ikageuka kuniangalia.

"Halmashauri gani?" mama akauliza taratibu.

"Ya Tunduma. Hamkutangaziwa?"

"Tunduma umeiacha nyuma, mwanangu. Hapa ni Nakonde."

Ndipo nikasoma ujumbe. Mtandao wa simu unanikaribisha Zambia.

Mama wa watu hakugomba. Aliniletea mafuta ya taa na kitambaa, akakaa kwenye stuli yake kuniangalia. Nimesugua jamani, mpaka mkono umekufa ganzi, na kila anayeingia ananipa pole.

Msimamizi akapiga. "Saa kumi hiyo. Uko wapi?"

"Niko nje ya nchi, bosi."

"Unafanya nini huko?"

"Nasugua choo."

Kaniambia Mlowo nisahau. Sisahau. Kesho saa moja asubuhi niko mlangoni kwake na fomu zangu kumi na tatu, hata kama nanuka mafuta ya taa.

Nanyi mnaovuka kwenda Nakonde, mkikuta 14 nyekundu iliyofifia mlangoni, ingieni, jisaidieni, mtoke kimya.