Yah: Tai Wawili Katika Kamusi Moja

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na maneno yako yote yamekaa kwenye foleni. Mimi ni muuza nyama. Kwa kuwa nina shingo ndefu na kutwa nimeinamia nyama, mtaa mzima unaniita Tai. Zamani nilinuna, siku hizi jina hilo nimelipaka rangi juu ya mlango wa bucha. Sasa sikiliza.

1. Binti yangu anaolewa Jumamosi. Chini ya kadi ya harusi pameandikwa: "Bila Tai haingii mtu." Niliposoma, machozi yalinitoka. Nikajua mwanangu anawaambia watu kwamba pasipo baba yake, ukumbi haufunguliwi. Kadi nikaitia mfukoni mwa aproni, nikawa namsomea kila mteja, na aliyesikiliza mpaka mwisho nilimwongezea mifupa.

2. Shemeji yangu, karani wa mahakama, mtu asiyeweza kuiona furaha ya mwenzake akanyamaza, akaniambia eti tai ni kile kitambaa cha shingoni, na wanaume wote wameambiwa wakivae. Nikabisha. Akafungua kamusi yako mbele ya wateja. Nikakuta tai wa kwanza ni ndege, na ya pili ni kitambaa, neno la Waingereza, na kwao maana yake ni kufunga tu. Bucha zima lilicheka, na wale wa mifupa ya nyongeza ndio waliocheka zaidi.

3. Suruali nayo ilitoka ng'ambo, soksi zikaja, koti likaja, na hakuna vazi lililomnyang'anya ndege jina lake. Mgeni hubisha hodi, halali kitanda cha mwenyeji.

4. Halafu fikiria wodini. Mgonjwa yuko taabani, anaambiwa daktari anakuja na tai. Huyo atapona kweli?

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, ufute maana ya pili kabla ya Jumamosi. Kitambaa kiitwe kitanzi cha heshima. La sivyo harusini siendi. Siwezi kuzuiwa mlangoni na jina langu mwenyewe.

Nisalimie wahariri wenzako, mlinzi wa getini, na hasa yule anayeshughulikia herufi T.

Wako niliyeporwa jina,
Tai (ndege, si kitambaa)

Tanbihi: Binti yangu amepita hapa sasa hivi, akaisoma barua hii akichungulia juu ya bega langu. Amecheka mpaka akakaa kwenye gogo la kukatia nyama. Kisha akaniuliza kama nimeiona T ya kwenye kadi. Ni kubwa, tena katikati ya sentensi. Mpiga chapa aliipunguza akidhani ni kosa, binti akamrudishia aikuze, akamwambia, "Huyo ni baba yangu." Kwa hiyo usifute kitu, tunawahitaji wote wawili. Ila ungeandika na namna ya kuifunga hiyo ya pili. Ameniachia moja nijaribu, nimeipiga fundo la kufungia ng'ombe, na haifunguki. Nadhani nitauza nyama nimeivaa mpaka Jumamosi.