Feni ya Hita ya Lori la Baba Mdogo

Jumatatu, 16 Juni

Kiti kimepatikana! Utingo wa Baba mdogo ameacha kazi. Amenunua bodaboda, anasema hataki tena kulala juu ya magunia. Kwa hiyo Jumapili lori litakwenda Njombe na mahindi ya Kibaigwa, na kiti cha pembeni mwa dereva hakina mtu. Cha katikati kiling'olewa zamani. Pale hukaa jeki na dumu la maji.

Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, shule imefungwa. Safari yangu ndefu kuliko zote iliishia hapo hapo Kibaigwa. Lakini Nyanda za Juu Kusini nazijua kwa kichwa. Najua mvua yake, udongo wake, misitu yake. Kilichobaki ni kuziona tu.

Tatizo ni Seth, jirani yetu hapa Chang'ombe ya Dodoma. Baba yake ni mtumishi wa serikali, wamehamia kutoka Mbeya. Naye anakitaka kiti. Mbeya! Milima ameiona mpaka imemchosha. Mimi mlima wangu ni Mlimwa.

Nimewasilisha ombi langu. Nilisimama karibu na lori muda mrefu nikiwa na sura ya msafiri. Baba mdogo akasema, Hanifu, hebu sogea, unanizibia mwanga. Seth yeye alikuja na shikamoo Anko, akashika kamba ya turubai, akasimulia kitu mpaka Baba mdogo akacheka na kuegemea tairi.

Sina wasiwasi. Watu wa maneno huishia kwenye maneno.

Jumanne, 17 Juni

Njia nimeipata!

Wakati wa chakula Mama mdogo Zaitun alikumbushia kanga yake. Safari iliyopita feni ya hita ya lori ilikufa. Kule Njombe mwezi huu ni baridi ya kugonganisha meno, na bila ule upepo wa moto kioo cha mbele hujaa ukungu kwa ndani, dereva haoni kitu. Baba mdogo alitoka Makambako akifuta kioo kwa kanga ya Mama mdogo, doti mpya, mpaka ikabaki nyuzi. Mama mdogo akasema safari hii afutie kanzu yake mwenyewe, ile ya Idi. Baba mdogo akasema basi, atakayeifufua hiyo feni ndiye atakayekaa kiti cha pembeni.

Alikuwa anatania. Nimeichukulia kama mkataba.

Nimesoma sura yote ya umeme kwenye kitabu cha fizikia, pamoja na maswali ya mwisho. Feni ni mota. Mota ni sumaku na waya. Hakuna fumbo hapo. Seth alipita akauliza kama nimewahi kugusa mota hata siku moja. Nikamjibu kwamba hata moyo wangu sijawahi kuugusa, lakini najua unavyofanya kazi. Jibu zuri sana. Nililitoa alipokwisha kuondoka.

Jumatano, 18 Juni

Uchunguzi umeanza. Feni iko chini ya dashibodi, upande wa abiria. Hufikiwa kwa kulala chali sakafuni na kupandisha miguu kitini. Nilianza na fyuzi, kama inavyopasa. Imeungua! Nikajua kazi imekwisha kabla ya chai.

Fyuzi nyingine sikuwa nayo. Nikakunja ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaichomeka. Umeme haujali sura ya fyuzi, unataka njia tu. Nikawasha. Feni haikuzunguka. Ila swichi ilianza kunuka, ikalainika kama ubuyu uliolowa, na kitufe kikabaki mkononi mwangu.

Matokeo mazuri sana. Sasa tunajua mambo mawili: fyuzi haikuwa ugonjwa wenyewe, na swichi haitatusumbua tena. Nilimweleza Baba mdogo hivyo hivyo. Akakitazama kile kitufe. Akauliza kama nisingeweza kuiacha hita ikafa kwa amani. Seth alikuwa nyuma yake. Akaniuliza, kwa heshima zote, kama anishikie kitufe.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimeunganisha mota moja kwa moja na umeme wa betri. Kimya. Haikutikisika. Imekufa, na sasa imethibitishwa kisayansi!

Baba mdogo amenipa hela ya mota ya mtumba, huku akisema anajua atajuta. Nimekwenda Kizota peke yangu. Muuza spea alikuwa amezungukwa na mafundi wenye sauti nene, wote wanaongea kwa wakati mmoja. Nikaona si adabu kumkatiza. Nikajichagulia mwenyewe.

Niliyoipata ni safi, nyepesi, imetolewa kwenye gari dogo la mtu aliyelitunza. Imeandikwa volti 12. Nimerudi nikakagua betri ya lori: volti 12! Nimekagua na ya pili: volti 12! (Kwa nini ziko mbili? Nadhani moja ni ya akiba. Baba mdogo ni mtu wa tahadhari.)

Nimeanza kufunga begi.

Ijumaa, 20 Juni

Baada ya swala nimefunga mota mpya. Swichi haipo, kwa hiyo nimegusisha waya kwa mkono. Upepo! Upepo wa ajabu! Karatasi za Baba mdogo ziliruka kutoka kwenye dashibodi, kofia yake ikahamia kiti cha nyuma ambacho hakipo. Seth alirudi hatua kadhaa. Nikajisikia kama mtu aliyezaliwa upya.

Kisha mlio ukapanda. Kisha moshi.

Seth akasema malori haya hutumia volti 24, zile betri mbili zimefungwa mfululizo, moja inaongezea nyingine. Alisema kwa upole, jambo linaloudhi zaidi. Hiyo habari imo kwenye kitabu changu, ukurasa wa betri. Nilikuwa nimeisoma. Sikujua walikuwa wanamzungumzia Baba mdogo.

Mama mdogo alitoka na ndoo ya maji, akakuta hakuna moto, akaanza kucheka. Akasema lori hili tangu alifahamu halijawahi kupata joto kama leo. Halafu akafungua pindo la kanga, akanipa hela ya mota nyingine. Akasema anafanya hivyo kwa ajili ya kanga zake, si kwa ajili yangu, na safari hii niulize. Mungu kanipa mdomo, nisiugeuze pambo.

Nimeuliza! Kwa maana ya kwamba nilimnyooshea muuza spea mota iliyoungua. Akainusa, akacheka na wenzake, akanipa ya volti 24.

Jumamosi, 21 Juni

Inazunguka! Inazunguka na haitoi moshi! Soketi yake haiingiliani na ya lori, lakini nimesokota waya na kuzungushia tepu. Kazi safi. Nyaya za swichi tu ndizo bado hugusishwa kwa mkono.

Jioni alikuja Ustadhi Rajabu kusoma dua ya safari. Alipanda mbele, akakaa kiti cha pembeni, kanzu nyeupe inayometa. Sisi wengine tulisimama nje tumeinua mikono. Nikawaza: dua ikikamilika, huyu mzee akapulizwa na upepo mwanana, nani atakayeninyima kiti? Nikaingia taratibu kwa upande wa dereva. Walipoitikia amina, nikagusisha waya.

Jambo moja sikulipigia hesabu. Lori limebeba mahindi ya Kibaigwa kwa miaka mingi, na makapi yote, vumbi lote, pamoja na kiota cha panya, vilikuwa vimelala ndani ya mirija ya feni vikisubiri mtu mwenye elimu. Vyote vilitoka. Vyote vilikwenda kwa Ustadhi.

Alikohoa sana. Ndevu zilikuwa njano. Kisha akasema yeye ameomba baraka ya mahindi, ila hakutarajia apewe papo hapo. Mama mdogo alimfuta kwa kanga. Nyingine tena! Baba mdogo hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kiti ni cha Seth, na asisikie tena neno feni nyumbani kwake.

Nimefungua begi. Nimetokwa machozi kidogo. Lile vumbi lilikuwa kali.

Jumapili, 22 Juni

Ninakwenda Njombe!

Alfajiri baridi ilikuwa kali hata hapa Dodoma. Baba mdogo na Seth walipofunga milango tu, kioo kikajaa ukungu. Baba mdogo akagusisha waya, upepo ukaja, kioo kikaanza kung'aa. Lori liliposogea kidogo waya ukaachia. Akaurudisha. Tuta dogo, ukaachia tena. Akasimama. Seth akajaribu kushuka sakafuni aushikilie, lakini miguu yake ni mirefu, goti likagonga jeki, akalia uwiii kama mtoto.

Mimi nilikuwa nimesimama getini. Mimi ni mfupi.

Baba mdogo alifungua dirisha, akanipima kwa macho. Akashusha pumzi. Akasema, Hanifu, chukua sweta na kitambaa cha kushikia, ingia humo chini. Na usifanye kitu kingine chochote.

Niliingia kama mfalme.

Jumatatu, 23 Juni. Njombe

Tumefika! Nimepita Mtera, Nyang'oro, Iringa, Mafinga, Makambako. Nimepita chali, kichwa chini ya dashibodi, waya mkononi. Nimeona kandambili za Baba mdogo na kanyagio la breki. Hita inapuliza moja kwa moja usoni, kwa hiyo nimeingia kwenye baridi ya Njombe nikitiririka jasho.

Seth alikuwa dirishani. Mtera akasema, aisee, maji yote haya! Mafinga akasema misonobari imejipanga kama gwaride. Nikamwambia kutoka chini kwamba hiyo, kwa wenyeji, ni misindano. Akauliza naionaje kutoka huku. Nikamwambia sihitaji kuiona.

Maskini Seth. Safari nzima hakuwa na kazi. Kila alipoinama kunipa maji hakuweza kunitazama. Alikuwa amefumba mdomo na mabega yanatetemeka. Nadhani ni wivu.

Kioo kilikuwa safi mpaka mwisho. Nilipotoka shingo haikunyooka mara moja, na Njombe yenyewe ilikuwa imefunikwa na ukungu mzito, haionekani. Si kitu. Iko kama nilivyoisoma.

Tunarudi kesho kutwa na viazi. Baba mdogo amelalamika kwamba wapa moja ya kufutia kioo inakwama. Kwa nilivyoikagua leo, ni jambo dogo mno, mtu hawezi kuliharibu. Nimemwambia aniachie. Ameninyang'anya bisibisi na kuikalia.

Lakini nina kijiko.