Kufungulia Mifugo ya Oliva

Jumatatu, 12 Juni 2006
Mjukuu wangu Oliva ameenda Katesh kwa shangazi yake. Kimashine chake cha michezo kaniachia mimi. Mimi! Sio jirani Nikolausi anayejifanya anajua Kiingereza. Ndani kuna vimichezo vingi: kuruka mashimo, kudaka mawe. Ukishinda unapata kiumbe wa sayari nyingine, anaingia zizini. Amebaki mmoja tu, dume la macho matatu na pembe. Kasema nikilipata kabla hajarudi, kimashine kitakaa hapa Tumati mpaka Krismasi. Nimemwambia ahesabu kimeshabaki.

Jumanne, 13 Juni
Nimeanguka mashimoni asubuhi nzima. Vitufe ni vya vidole vya watoto. Mke wangu Bernadina kauliza kama maharage yatajing'oa yenyewe. Nilikuwa hewani, juu ya shimo.

Jumatano, 14 Juni
Nikolausi kaomba kujaribu mara moja. Kalipata dume! Kacheka mpaka kofia ikaanguka. Nikamwambia zizi ni langu, yeye kashika fimbo tu. Kasema atamwambia Oliva. Amwambie!

Ijumaa, 16 Juni
Wanyama wanasimama ndani siku zote. Hawali, hawanywi. Ndiyo maana wengine wamekuwa kijani. Oliva ni mtoto wa mjini, hajui kuchunga. Nikamuuliza Nikolausi neno lililoandikwa chini ya kila mnyama. Kasema ni kufungulia. Basi! Nimewafungulia mmoja mmoja, dume mbele. Nikolausi kasema kimashine kinauliza kila mara kama nina hakika. Kinaniuliza mimi, niliyezaliwa kati ya ng'ombe!
Jioni. Zizi tupu. Nimekiweka kimashine mlangoni, kitazame njia. Nyasi za Juni kavu, pengine wamekwenda mbali.

Jumamosi, 17 Juni
Oliva karudi. Shikamoo babu, marahaba, kisha akakiwasha. Halafu machozi. Alikuwa anawakusanya tangu darasa la tano. Nikolausi kasema alidhani nafanya utani. Mnafiki! Nimempa mtoto kuku wangu mweupe. Kapokea, lakini kimashine anaondoka nacho kesho.

Jumapili, 18 Juni
Baada ya misa Oliva kaanza upya. Kapata wawili, mkubwa na mdogo. Kacheka, kaniketisha karibu nione. Hapo nikaligundua kosa la Ijumaa: niliwatoa wote, nyumbani hakukubaki wa kuwavuta. Sasa Oliva kaenda kumuaga Nikolausi, kimashine kakiacha mezani.
Namfungulia mkubwa tu. Ndama akiwa zizini, mama atarudi.